Usiziloweke Kwanza: Mbegu za Bibi Huenda Bado Zi Hai

Mwezi uliopita mama mmoja alishuka kutoka Meru akiwa na chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi. Ndani mlikuwa na maharage ya marehemu mama mkwe wake, yale ya mabaka mekundu ambayo sokoni huyaoni tena. Yalikaa miaka sita juu ya dari ya jikoni. Nusu alikuwa ameshayaloweka usiku kucha kwenye bakuli, kama alivyozoea.

"Yaliyolowekwa yameoza yote, mwanangu. Haya yaliyobaki nimeogopa kuyagusa."

Alifanya vizuri kuogopa. Zilibaki punje 38, na katika hizo tulipata miche 11.

Tunaandika haya kwa sababu kisa kama chake tunakiona kila msimu hapa kitaluni kwetu, tunakootesha mbegu kongwe watu wanazotuletea. Mbegu ikikaa muda mrefu huchoka kidogo kidogo. Utando wa seli zake huchakaa, na ukitumbukiza punje kavu namna hiyo kwenye maji, maji huingia kwa kishindo na utando huraruka. Sukari iliyokuwa akiba ya mche huvujia nje, ukungu unapata karamu, na asubuhi unakuta bakuli linanuka. Mwenye mbegu husema zilikuwa zimekufa zamani, kumbe baadhi zilikuwa hai mpaka usiku ule. Maharage, kunde na jamii yake ndiyo huumia zaidi.

Kwa hiyo sisi hatuanzi na maji, tunaanza na hewa yenye unyevu. Punje tunazitandaza kwenye chujio, chujio tunaliweka juu ya chombo chenye maji kidogo bila punje kugusa maji, kisha tunafunika siku mbili. Zikishalainika polepole ndipo zinahamia kwenye kitambaa kilichochemshwa na kukamuliwa vizuri, mahali penye joto la nyuzi 25 hadi 30. Kila siku tunazikagua na kuitoa yenye ukungu kabla haijaambukiza wenzake. Inayotoa mzizi huenda kwenye mchanga uliochemshwa. Samadi hapana, mche wa mbegu kongwe hauna nguvu ya kupambana na vimelea vya samadi. Na tunasubiri. Haragwe jipya huota ndani ya wiki moja hivi, lakini kongwe linaweza kuchukua mbili au zaidi. Watu wengi hutupa siku ya nane.

Huduma hii unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani, na tunafurahi ukiifanya. Jaribu kwanza punje 10 tu.

Wapo wateja wanaotutajia ule mtende wa Israeli uliooteshwa mwaka 2005 kutoka kwenye mbegu ya miaka kama 2,000 iliyofukuliwa Masada. Ni kweli ulitokea, na sisi pia unatutia moyo. Lakini Masada ni jangwa kavu kabisa. Mtafiti wa Kimarekani James Harrington alituachia kanuni ambayo watunza mbegu huitumia hadi leo: unyevu ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, umri wake huongezeka karibu maradufu, na joto la ghalani likishuka kwa nyuzi 5 hivi, huongezeka maradufu tena. Ndiyo maana mfuko wa kunde uliokaa Tanga, penye joto na unyevu wa bahari, tunaupokea kwa wasiwasi kuliko uliokaa Dodoma miaka ileile. Mbegu za vitunguu tunakwambia mapema: zikipita miaka mitatu kwenye kabati la kawaida, usitumie nauli yako.

Mbegu nyingine wala si kongwe, zimelala tu. Mgagani uliovunwa juzi hukataa kuota kwa miezi kadhaa, na hata ukiamka hutaka joto. Usiumwage.

Kazi ngumu zaidi huja baada ya kuota. Maharage 11 yanatosha kuanzia, maana ua la haragwe hujichavusha lenyewe na wajukuu watafanana na bibi. Mahindi ni habari nyingine. Mahindi huchavushwa na upepo, na ukirudisha aina nzima kutoka kwenye mimea michache, vizazi vichache mbele utaona mashina mafupi na magunzi yenye mapengo. Tunapenda kupata mimea 100 au zaidi, mbali na shamba la mahindi ya chotara kwa mita 200 hivi. Ndiyo maana ukituletea magunzi matatu ya mahindi ya babu yako tutakuuliza kama shangazi, jirani au mtu wa kijiji cha pili naye anayo. Tunauliza kwa nia kabisa. Mara nyingine jibu limepatikana kwenye kikao cha harusi.

Jambo moja la sheria. Biashara ya mbegu nchini Tanzania inaongozwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na TOSCI, taasisi ya serikali ya mbegu, ndiyo inayothibitisha ubora. Kwa hiyo mbegu yako hatuiuzi kwa mtu mwingine. Tunapima, tunaotesha, tunakuza, na mavuno yanarudi kwako yakiwa yamekaushwa, kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana.

Kwa masika, tuletee kabla Januari haijaisha. Njoo na mbegu zikiwa kwenye chombo chake kilekile, hata kama ni kibuyu chenye masizi, na utuambie zilivunwa lini, zilikaa wapi, na nyumbani mnaziitaje. Hilo jina tunaliandika kwenye lebo kama ulivyolitamka. Tutaotesha nusu tu. Nusu nyingine tunaihifadhi pakavu na pa baridi, ili mvua ikituangusha tuwe na pa kuanzia.