Kwa wanangu mnaobwaga manyanga saa tano usiku

Wanangu,

Juzi kijana wa mtaani kwetu ameacha kazi kwa meseji. Aliiandika saa tano usiku kwenye grupu la WhatsApp la ofisini kwao, akamwita meneja mnafiki, akamalizia "mtanikumbuka", kisha akajitoa. Kisa ni kwamba nafasi aliyoikaimu miezi minane kapewa mtu wa kutoka nje. Asubuhi akaja kunionyesha simu kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamuuliza, mwanangu, na kodi ya nyumba? Akaangalia viatu vyake.

Nimefanya kazi masijala na utumishi hadi nikastaafu. Meseji kama ile huchapwa, ikatiwa kwenye faili na kupewa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya faili. Hasira yako itapoa, folio haipoi.

Tena mnasusa bila kujua mnachokisusa. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28. Ukigoma kuzifanyia kazi siku hizo, mwajiri anaweza kuzikata kwenye malipo yako ya mwisho. Kile kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, hadi miaka 10, ni cha mtu aliyeondolewa na mwajiri, si cha aliyejiondokea. Na ukiachishwa kwa kuonewa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inakupa siku 30 tu kufungua shauri. Kule utaulizwa una karatasi gani.

Mimi mwenyewe nilishushwa. Asubuhi moja nilikuta meza yangu imepelekwa ghalani, katikati ya matairi na mafaili yaliyoliwa na mchwa, kwa sababu bosi mpya alikuwa na mtu wake. Barua ya kuacha kazi niliiandika siku hiyohiyo. Nikaibeba kwenye mkoba wiki mbili pamoja na vitumbua vyangu vya chai, hadi mafuta yakafuta jina la bosi. Huku nikajifunza leja: kilichoingia, kilichotoka, nani kasaini. Msidhani nilipandishwa cheo kwa uvumilivu wangu, hii si hadithi ya redioni. Yule bwana alikaa miaka minne zaidi na hakunipenda hata siku moja. Ila matairi sita yalipopotea akanitaja mimi mbele ya wakaguzi, nilifungua leja ukurasa ule. Sahihi ilikuwa yake.

Mengine nayapitia haraka. Ukikaimu, dai barua ya kukaimu, tena wiki ya kwanza. Likizo yako ya mwaka ni siku 28, ichukue. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ikimbieni, maana ndiyo inayomfanya mtu mzima amwogope bosi hata asipokuwa na kosa. Ukipanda cheo, mlinzi wa getini msalimie kama ulivyomsalimia jana.

Na sisi wazazi tusijifanye wasafi. Mtoto akiajiriwa, ukoo mzima unahamia kwenye mshahara wake wa kwanza. Akiyumba, tunanong'ona misibani kwamba yule siku hizi yupo yupo tu. Halafu tunashangaa anaona aibu kurudi nyumbani kusema nimeshushwa, nishikeni mkono. Waajiri nao wanamkaimisha mtu hadi ndevu zinaota mvi, bila posho wala karatasi, wakiita hiyo kumpa uzoefu. Uzoefu haulipi luku.

Yule kijana nilimpikia uji, nikamkalisha mezani aandike barua ya ukurasa mmoja: aombe radhi kwa lugha aliyotumia, atoe notisi yake sawasawa, aombe makabidhiano ya maandishi. Tulipofika kwenye makabidhiano akasita. Kompyuta ya ofisi bado iko chini ya kitanda chake, na watoto wa dada yake wanaitazamia katuni.

Mama yenu,
afisa utumishi mstaafu