Barua ya Wazi kwa Waziri wa Michezo wa Kaunti: Tufungulieni Bwawa Alfajiri

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zetu za heshima. Jumatatu tumekuta lango la bwawa la umma limetiwa kufuli tena, bila notisi, na mashindano ya taifa yamebakiza wiki tatu. Wazazi wameambiwa watoto watumie nafasi hiyo kupumzika. Mheshimiwa, hizi si wiki za kupumzika. Ndipo muogeleaji hupunguziwa umbali hadi karibu nusu huku kasi ikibaki ile ile, ili misuli ipone na mkono usisahau maji. Akikaa nchi kavu siku chache tu, mkono huanza kuteleza badala ya kuyashika maji, na urefu ule ule wa bwawa humdai mapigo ya mikono zaidi.

Ulituahidi hadharani kwamba bwawa halitafungwa tena wakati wa msimu. Tuliandika maneno yako.

Wengi hudhani siri ya ushindi ni mwili mrefu. Muogeleaji wa Marekani Michael Phelps alianza na kocha Bob Bowman akiwa na miaka 11. Akiwa na miaka 15 alishika nafasi ya tano katika fainali ya mita 200 kwa mtindo wa kipepeo, Olimpiki ya Sydney 2000. Kwa miaka kadhaa hawakuacha mazoezi hata Jumapili. Beijing 2008, katika mbio hizo hizo, miwani yake ilijaa maji. Hakuuona ukuta. Alihesabu mapigo ya mikono, akashinda kwa dakika 1 na sekunde 52.03, rekodi ya dunia. Hesabu hiyo huingia mwilini kwa kurudia kila siku, kocha akiwa pembeni.

Usituambie hayo ni ya Wamarekani. Mkenya mwenzetu Jason Dunford alikuwa wa tano Beijing katika mita 100 kipepeo, na mwaka 2010 akatwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Delhi, mita 50 kipepeo. Lakini alikuwa akisoma na kufanya mazoezi Stanford, Marekani. Je, anayebaki hapa aogelee wapi?

Bwawa likiwa wazi, mchana tunapewa njia mbili kwa watoto arobaini. Katika bwawa la mita 25, anayeogelea mita 100 kwa sekunde 90 huenda na kurudi kwa sekunde 45. Wakiachana kwa sekunde tano, wanane wanaenea kwenye njia moja. Ukiweka ishirini, wa kwanza anageuka na kumkuta wa mwisho hajaondoka. Wanasimama ukutani, mapigo ya moyo yanashuka, zoezi limekufa. Kocha naye hawezi kutazama kiwiko kinachoanguka, wala anayeibuka mita tano baada ya kugeuka ilhali sheria inamruhusu kubaki chini hadi mita 15. Anabaki kuchunga wasizame.

Maji ya bwawa nayo yamegeuka kijani; chanzo, tunavyokisia, ni mchanga wa chujio uliochakaa, na pampu kuzimwa usiku ili kuokoa umeme. Pampu ikilala kwenye joto letu, klorini haisambai na mwani unaota. Chujio lisafishwe kwa kurudisha maji kinyume kila shinikizo linapopanda, klorini huru isishuke chini ya miligramu 1 kwa lita, pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ikae kati ya 7.2 na 7.6. Maji yakiwa na ukungu, mtoto haoni alama ya chini iliyo mita mbili kabla ya ukuta, naye huugonga kwa kichwa au visigino. Kamba za njia zimekatika. Bendera za juu ya bwawa, zinazomwonyesha anayeogelea kwa mgongo kwamba ukuta u karibu na zinazopaswa kuwa mita tano kutoka ukutani, hazipo kabisa.

Tungeweza kudai mengi: majukwaa ya kurukia, saa ya ukutani, posho za makocha ambazo hazijalipwa. Tunayaacha yote hayo leo.

Tunaomba saa mbili tu, Mheshimiwa. Saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja asubuhi, njia nne, siku sita kwa wiki. Saa hizo bwawa halikodishwi na mtu. Mlinzi aambiwe afungue kuanzia kesho.

Wako katika utumishi,
Makocha wa kuogelea wa kaunti