Waasi wa sayari na waasi wa Pangani

Mhariri, naandika kuhusu ile hadithi yenu ya sayari iliyotekwa inayoasi dola jipya la anga. Mi kinyozi hapa Ngamiani, Tanga, wateja wanaigombania mpaka gazeti limechanika katikati, ila jamani mbona hao waasi wanaanza kupigana ghafla tu, hamna ushuru, hamna bendera, hamna aliyedhalilishwa?

Hapo Pangani mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilivyotaka kupandisha bendera yake na kushika forodha watu wakachachamaa, Abushiri akaongoza vita, Desemba 1889 Wajerumani wakamnyonga. Hiyo ndo inaeleweka.

Naomba mtangaze shindano, vijana watuandikie sayari yenye forodha na majahazi ya anga, mshindi mumpe ukurasa mzima, siyo kile kikona cha chini kando ya matangazo ya viwanja.