Mhina, usimimine gundi bado

Lancaster, Pennsylvania

Ndugu yangu Mhina,

Salamu za mama, za watoto, za Ngamiani nzima, zipokee zote kwa mkupuo mmoja maana leo sina subira. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanikomesha. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Bi Mwanaidi na una haki ya kuninunia, lakini utanuna baadaye. Soma kwanza barua hii mpaka mwisho kabla hujafungua hilo kopo la araldaiti.

Kama tulivyofundishwa shuleni, lengo na madhumuni ya barua hii ni ufa.

Picha nimezipata. Gobore la mjomba wako wa Handeni, ufa unaanzia nyuma ya mkia wa mtutu, ule ulimi wa chuma unaotoka nyuma yake, na kushuka kwenye shingo ya kitako, na mwingine mwembamba unatoka kwenye kona ya bamba la mtambo, lile la chuma linaloshika mtambo wa kufyatulia. Halafu unaniuliza, "Nimimine gundi, nibane, nimalize?" Hapana. Na usinitupie ile methali ya ufa na ukuta, huo si ukuta. Ukiuziba kabla hujajua mti umepasuliwa na nini, gundi itashika vizuri sana na mbao itapasuka pembeni yake. Hapo utakuwa na nyufa mbili na mjomba mmoja mwenye hasira.

Lakini hata hilo la ufa lingoje kidogo. Umepima kama limeshindiliwa? Sikutanii. Magobore ya zamani hukaa darini miaka na miaka yakiwa na baruti na risasi ndani, na baruti nyeusi haizeeki ikiwa haijalowa. Elekeza mdomo wa mtutu mahali salama, ondoa fataki, kile kikofia cha kuwashia baruti, kama ipo, uso wako uwe pembeni, teremsha mdeki, ile fimbo ya kushindilia, taratibu mpaka ukwame. Tia alama kwenye mdeki pale penye mdomo wa mtutu. Utoe, uulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa palepale mdomoni. Ncha yake ikifika karibu na pale inapokaa fataki, ni tupu. Ikiishia vidole vitatu vinne kabla, kuna kitu ndani, na hapo kazi yako imekwisha: usipashe moto, usitoboe na drili, usigongegonge. Wapigie polisi waje kulitoa wao. Na karatasi zake zipo? Sitaki nisikie kutoka kwa Shomari kwamba umekamatwa Chumbageni ukijitetea kuwa ni samani.

Shomari mwenyewe ananicheka. Eti Mtanga kavuka bahari kwenda Marekani kujifunza kuchonga gobore! Ananichokoza bure, maana huku ndiko kwenyewe. Wafua bunduki wa Kijerumani walikuja kuishi kaunti hii katika miaka ya 1700, na bunduki ndefu za kushindilia walizotengeneza hapa watu wanaziiga mpaka leo. Jacob Dickert, aliyefariki 1822, alikuwa na karakana yake mjini humu humu. Mzee ninayemsaidia Jumamosi anachonga za namna hiyo: gumegume, za kuwashwa kwa cheche za jiwe, mtutu wa pembe nane wenye urefu wa inchi 42 na zaidi, kitako cha mti wa mepo wenye mawimbi. Mawimbi hayo ni mazuri kuyatazama na mabaya kuyachonga. Nyuzi za mti zinapanda na kushuka, randa inang'oa vipande, na zikikatiza shingo kimshazari, hata ukiwa bingwa wa Tanga nzima kitako kitavunjika hapohapo siku kikianguka. Kwa hiyo ubao huchaguliwa kwa kutazama shingo kwanza: nyuzi ziifuate shingo inavyopinda. Urembo wa mawimbi ubaki nyuma, kwenye tako.

Tatizo langu mimi lilikuwa maji. Ubao tulionunua ulikuwa wa inchi mbili na nusu, na muuzaji akala yamini kwamba umekauka. Hesabu ya wazee wa huku ni mwaka mmoja wa kukauka hewani kwa kila inchi ya unene, kivulini, vichwa vya ubao vikiwa vimepakwa nta au rangi nzito, kwa sababu maji hukimbilia vichwani kuliko ubavuni na kichwa kikitangulia kukauka kinachanika. Hili wewe unalijua kuliko mimi. Magogo ya mpingo yale uliyokuwa unayapanga kule Lindi, si yalikuwa yamechovywa nta vichwani? Basi wa kwetu huu haukuwa umekauka. Nyumba ikaanza kupashwa joto kwa ajili ya baridi, hewa ya ndani ikawa kavu hata midomo inachanika, na ubavu mwembamba kando ya mtutu ukalia "ta!" mbele ya macho yetu. Unene wake pale ni kama milimita 3 tu. Mzee akautazama, akauliza chai iko wapi.

Mti, Mhina, urefu wake haupungui kitu, upana ndio unaopungua. Na huo upana nao haupungui sawasawa: kwa kufuata duara za umri hupungua karibu mara mbili ya kule kuelekea kwenye kiini. Chuma chenyewe hakipungui hata kidogo. Sasa umechukua mti wenye tabia hiyo, ukaukumbatisha mtutu, bamba la mtambo, skrubu na pini. Nani atakubali kushindwa? (Mninga ungekuwa na adabu zaidi, nimemwambia Mzee, akaniuliza kama naweza kumtumia. Nikamwambia aanze na kusoma sheria za misitu.)

Ndiyo maana narudi kwenye gobore la mjomba. Limetoka Handeni, limekaa juu ya jiko la kuni, sasa liko Tanga kwako ambako hata chumvi haikauki. Mti umeshanywa maji na kuvimba. Ufa ulioupiga picha juzi sio utakaouona mwezi ujao, huenda ukajifunga wenyewe kidogo. Liache kwanza ndani ya nyumba, mbali na jua na mbali na ukuta, wiki kadhaa, litulie. Mjomba akiuliza, mwambie mgonjwa yuko chini ya uangalizi.

Likishatulia, fungua skrubu ya mkia na utoe mtutu taratibu. Kama una pini zinazoushika, zigonge zitoke kwa kufuata njia zake, usizing'oe na koleo. Halafu tafuta masizi. Paka masizi na mafuta kidogo sana kwenye uso wa nyuma wa mtutu na kwenye mkia wake, urudishe mahali pake, ubonyeze, utoe, utazame yamegusa wapi. Bunduki inapopiga teke, kishindo kinatakiwa kipokelewe na ule uso mpana wa nyuma wa mtutu, ukilala wote kwenye mbao. Ukikuta masizi yako nyuma ya mkia peke yake, umempata mwizi wako: uso haugusi, na mkia mwembamba umekuwa kabari ya kupasulia kuni kila linapopigwa. Dawa ni kupunguza mbao nyuma ya mkia, nafasi ya unene wa kadi inatosha, na kujaza pengo la nyuma ya ule uso mpana mpaka uguse. Fanya vivyo hivyo kwenye bamba la mtambo. Kona ikibana kwa ukali, ilegeze kwa patasi kali, usiipige nyundo iingie. Mafundi wengi hubanisha mtambo mpaka usipite hata wembe, halafu wanasifiana. Msimu ukibadilika bamba linapasua nyuma yake. Huku hata matundu ya vile vijino vya kupitishia pini vilivyo chini ya mtutu huchongwa yawe marefu kidogo, ili pini isivute mbao chuma na mti vinapotofautiana.

Hayo yakishafanyika, na si kabla, ndipo gundi. Mbao ya zamani imenyonya mafuta na gundi haitashika juu ya mafuta. Osha ufa na asetoni kwa brashi ndogo, rudia mara nyingi, nje, na sigara yako ibaki mfukoni. Yakigoma kutoka, changanya unga wa chaki na asetoni uwe uji, upake, uache ukauke, uufagie, mafuta yatakuwa yamepanda nao. Supagluu nyepesi tumia kwenye ule ufa wa kona peke yake, mwembamba kama ulivyo. Ndiyo tuliyotumia sisi kwenye ubavu wa mtutu. Shingoni usiiguse. Shingoni ni araldaiti ya taratibu, ile ya kushika kutwa nzima, sio ya dakika tano. Weka machupa yake kwenye maji ya moto kwanza, itakuwa nyepesi na itapenya ndani. Fungua ufa kidogo kwa vidole, usukume gundi kwa uzi mwembamba unaovutwa huku na huku mpaka itokee upande wa pili. Mtutu na mkia vipake nta, la sivyo utavizika humo milele. Kisha kata tyubu ya baiskeli vipande virefu, uzungushie shingo kwa kuvuta sana. Klempu za chuma zitakuachia makovu, na shingo ni ya mviringo, hazikai. Futa gundi iliyotoka kabla haijakauka, maana mahali ilipokauka rangi haikubali tena, pabaki na doa.

Kama ufa umepita upande hadi upande, gundi peke yake siiamini. Toboa kimshazari kuanzia kwenye shimo la mkia, uvuke ufa, uzamishe fimbo nyembamba ya shaba yenye meno ndani ya gundi. Mkia ukirudi unaficha tundu lote, hakuna atakayejua ila wewe na mimi.

Halafu picha ya tatu ina giza. Kile nilichokiona shingoni ni kivuli au ni ngozi? Kama ni ngozi iliyofungwa mbichi ikakaukia palepale, basi kuna fundi alikutangulia, na kazi yake imeshika miaka yote hii. Hapo ningesita kuikata. Gobore si la kupigwa tena, hata ukilikarabati ling'ae, mtutu wake hakuna anayejua hali yake kwa ndani. Ya kukaa ukutani, acha ngozi ikae. Lakini labda ufa unapita chini yake, na kama unapita... piga picha nyingine, mchana, mlangoni.

Sasa nijibu. Mdeki umefika mpaka chini? Karatasi ziko kwa nani? Mjomba anataka liwe zuri au anataka liwe lake? Maana hayo ni malipo mawili tofauti, na amekupa kiasi gani, au ni zile ahadi za mbuzi? Kitako ni mti gani, umekwangua kidogo ukanusa? Mkeo amejifungua salama? Yule bwana wa Makorora amekurudishia jiliwa langu, au ndiyo limeshakuwa urithi wake? Na Shomari anakuja huku kweli mwezi wa sita au ni maneno tu? Kama anakuja, mpe patasi yangu ile ya nusu inchi, ya mpini wa mpingo. Za huku hazinikai mkononi.

Wako,
Abdi

Nimesahau: nyuzi za shingoni kwenye hilo gobore zinaelekea wapi? Chora na penseli kwenye karatasi unitumie, picha haionyeshi.