Sanduku la Babu lisigawanywe

Dada Mwajuma, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, na ya Ami Bakari nimeyasikia hadi mwisho, kwamba picha na karatasi za sanduku la Babu zipigwe lamineshi, yaani zifunikwe plastiki, kisha wajukuu wagawane. Pesa nimetuma jana kwa jina lako, ila si za lamineshi. Na hili la kila mjukuu kuchukua fungu lake la picha, silikubali kabisa.

Huku New York Februari ni mwezi wa historia ya watu weusi. Ulianza kama wiki moja tu, mwaka 1926, kwa juhudi za mwanahistoria Carter G. Woodson. Mwaka huohuo taasisi ya Carnegie ilitoa dola 10,000 kununua vitabu na hati alizokusanya Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico, vikaingia maktaba ya Mtaa wa 135, Harlem. Viliingia vyote pamoja, ndiyo maana mpaka leo vinasomeka. Humo sasa zimo karatasi za Malcolm X, na shajara za safari za 1964, mwaka aliofika Dar es Salaam. Nusura zipotee! Ziliwekwa ghala la kukodi Florida, kodi haikulipwa, vitu vikauzwa, na 2002 zikatokea mnadani. Mnada ukazuiwa, familia ikazipata, ikazikabidhi maktaba. Za Malcolm X zilifikia hapo, sembuse kipande cha Babu, ile kadi yake ya kazi ya mkonge?

Basi msianze kwa kupanga upya. Kama kadi ya TANU imelala pamoja na barua za Amboni, kule mashamba ya mkonge, ziacheni pamoja, karatasi huelezana. Piga picha sanduku lilivyo, tabaka kwa tabaka, ndipo utoe kitu. Mikono ioshwe na ikauke, bila mafuta. Pini za stepla zing'oe taratibu, maana hewa ya bahari inazitia kutu na kutu inatoboa karatasi. Raba bendi toa zote. Selotepu ya zamani usiibandue, itaondoka na maandishi.

Lamineshi ni joto na gundi. Ikishapita mashineni haitoki tena, na gundi inaendelea kuila picha humo ndani. Mwambie Ami hivyo kwa upole, najua nia yake njema.

Majina yaandikwe nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli laini, picha ikiwa imelala juu ya meza ngumu. Wino unapenya, na ukikandamiza alama inatokea usoni mwa Babu. Picha za rangi za miaka ya karibuni mgongo wake unateleza, penseli haishiki. Hizo andika kwenye bahasha kwanza, ndipo uitie picha. Bahasha ziwe nyeupe, si za kaki, kaki ina asidi.

Sanduku la bati lisirudi chini ya paa. Tafuteni boksi safi, likae juu ya rafu, ukuta wa ndani, mbali na jiko. Naftalini msiweke. Mkiona wadudu, funga karatasi zenyewe kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa, uweke friza wiki mbili. Umeme ukikatika mpaka barafu ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukitoa, usifungue mpaka kesho yake, la sivyo unyevu wa hewa utatua juu ya karatasi.

Kuhusu nakala: kivulini karibu na dirisha, flashi imezimwa, simu sambamba na karatasi, rula pembeni, mbele na nyuma. WhatsApp nitumie kama dokyumenti, maana ukituma kama picha inabanwa na herufi za Kiarabu za barua za Bibi zinafifia.

Mwaka huu nimekabidhiwa mimi meza ya kuskani katika siku ya mtaa, na nasema kwa fahari kwamba hakuna picha iliyokwenda kwa mtu asiye mwenyewe. Kila anayeingia anapewa bahasha yenye namba, picha zisizidi kumi, anatia saini fomu ya ruhusa, anakaa na mtu wa kumhoji, kisha tunaskani kwa 600 dpi, yaani nukta 600 kwa inchi, katika faili la TIFF, na anaondoka na asili yake pamoja na nakala kwenye flashi ya kompyuta. Chai iko chumba kingine. Foleni hukwama kwenye mahojiano, si kwenye mashine, kwa hiyo wahoji wawe wawili kwa kila skana moja.

Nanyi fanyeni hivyo Idi hii, wote wakiwa Tanga. Shangazi Mwanahamisi akae kati, simu inarekodi, aulizwe kuanzia kushoto: nani huyu, wapi, kabla ya Uhuru au baada? Asipomjua mtu, msimsaidie kubuni. Natamani ningekuwepo kuisikia sauti yake ikiwataja wale vijana wa gatini.

Funguo ishike wewe. Ami nitampigia Jumapili baada ya Isha ya huko, nimweleze mwenyewe.

Mdogo wako,
Salim