Barua kwa Salum kuhusu kupasua fito nyembamba

Tanga

Ndugu yangu Salum,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba karakana yenu imepata msumeno wa meza. Umeniuliza namna ya kupasua fito za mninga zenye unene wa milimita 3 za kupambia fremu za picha.

Kubwa kuliko yote, ufito usikae kati ya msumeno na mwongozo, yaani ile reli iliyonyooka mezani ambayo ubao huegemea ukisukumwa. Ukibanwa hapo hurushwa nyuma, uliposimama wewe, na meno ya msumeno wa inchi 10 unaozunguka mara 4,000 kwa dakika hukimbia karibu kilomita 190 kwa saa. Ubao mpana ndio uegemee mwongozo, na ufito uangukie upande wa pili. Hapo mwongozo husogezwa kila baada ya ufito mmoja, na kupima upya kila mara kunachosha, nakiri. Kwa hiyo mimi hufunga kibao mezani kwa klampu, upande ule unaoangukia ufito, kabla ya kufika kwenye meno, kisha husogeza mwongozo mpaka ubao uguse kibao hicho, na fito zote hutoka sawa. Kibao kisifike ubavuni mwa msumeno, la sivyo kitaubana ufito vilevile.

Ule mwanya wa mezani unaouzunguka msumeno nao humeza fito. Chonga bamba la plaiwudi la kuuziba, lishikize imara msumeno ukiwa umeteremshwa, uwashe, kisha uupandishe taratibu ujitobolee njia yake wenyewe.

Msumeno uuzidi ubao kwa milimita chache tu, na ulimi wa chuma ulio nyuma yake, unaozuia ubao uliopasuliwa usiubane msumeno, usiung'oe hata kama fundi mwenzako anasema unamsumbua. Sukuma kwa kibao chenye kisigino cha kushika mwisho wa ubao, ambacho hakina hasara kikikatwa. Glavu usivae, kwa kuwa meno yakishika kitambaa yatavuta na mkono. Ufito ulioanguka usiuokote kabla msumeno haujasimama kabisa.

Pasua fito ndefu, ubao usipungue sentimita 30, ndipo uzikate vipande. Kwa kukata huko, mimi nauamini msumeno wa mkono wenye meno madogo pamoja na kisanduku cha pembe, kile chenye mianya ya kuuongoza msumeno. Vipande vya urefu wa kidole havistahili mashine.

Niandikie upana wa fremu zenyewe, nami nitakuchorea kile kibao cha kusukumia. Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Hamisi