Barua kwa mwanangu: migomba, fuko na namba 271,441

Kibosho, Moshi
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku hatujambo. Masika yameanza kwa nguvu, mlima haujaonekana tangu Alhamisi, na baba yako ameshinda kutwa kwenye mfereji na wenzake wakizibua matope. Bibi anakusalimu na anauliza kama huko Dodoma unapata mtori.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Nilianza kukujibu kwa simu nikaona mambo hayaenei, ndipo nikachukua daftari. Vumilia, barua itakuwa ndefu.

Nianze na ulichoniandikia, ili ujue nimekuelewa. Darasani mlifundishwa mfuatano wa sungura, ule ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia, wa Leonardo wa Pisa (Fibonacci), aliyeuandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1202. Wewe ukasema sungura huwajui ila migomba unaijua, ukatunga mfuatano wa kihamba chetu, shamba letu la migomba hapa nyumbani. Kila chipukizi linatoa mtoto mmoja msimu wa pili tangu lizaliwe, linatoa mwingine msimu wa tatu, kisha linabeba mkungu na kukatwa. Msimu wa 0 tulipanda machipukizi 3. Msimu wa 1 hakukuzaliwa kitu, yaani 0. Msimu wa 2 yalizaliwa matatu, fuko akala moja, yakabaki 2. Kuanzia hapo, ukitaka machipukizi mapya ya msimu wowote, chukua ya msimu wa pili nyuma yake, jumlisha na ya msimu wa tatu nyuma yake. Nimeyaandika mwenyewe kwa kalamu mpaka msimu wa 19:

3, 0, 2, 3, 2, 5, 5, 7, 10, 12, 17, 22, 29, 39, 51, 68, 90, 119, 158, 209

Halafu ukaona jambo kwenye misimu ya namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Msimu wa 7 una machipukizi 7. Msimu wa 11 una 22, ambayo inagawanyika kwa 11. Msimu wa 13 una 39, yaani 13 mara 3. Msimu wa 17 una 119, yaani 17 mara 7. Msimu wa 19 una 209, yaani 19 mara 11. Lakini msimu wa 8 una 10, wa 9 una 12, wa 10 una 17, na hakuna hata mmoja unaogawanyika kwa namba yake. Ukaandika programu, ukafika msimu wa 10,000 bila kukuta kosa, ukanitumia maneno haya: "Mama, nimegundua kipimo cha namba tasa."

Mwanangu, nilipofika hapo nilisimama nikatoka nje kidogo. Nimefundisha hisabati sekondari zaidi ya miaka thelathini, na sikuwahi kuletewa na mwanafunzi kitu kama hiki, kimetoka kichwani mwake mwenyewe, kimeanzia kwenye migomba ya nyumbani. Ndiyo maana nakujibu kwa ukamilifu, hata pale utakapoumia.

Wewe si wa kwanza. Mfaransa Édouard Lucas aliushughulikia mfuatano huu huu tangu miaka ya 1870. Mwaka 1899 mwenzake, R. Perrin, aliuliza katika jarida la wanahisabati wa Ufaransa swali lako lenyewe: je, ipo namba isiyo tasa ambayo hugawanya machipukizi ya msimu wake? Yeye alitafuta asipate. Mfuatano ukabaki na jina lake. Kuna mkusanyo mkubwa wa mifuatano ya namba kamili, ulioanzishwa na Neil Sloane mwaka 1964 akiwa bado mwanafunzi. Kilipotoka kitabu mwaka 1973 kilikuwa na mifuatano 2,372, na tangu 1996 uko kwenye intaneti, kila mtu anausoma bure. Andika pale 3, 0, 2, 3, 2, 5, 5, 7 utaukuta umekaa, namba yake A001608. Zoea kuutazama kila unapotunga mfuatano mpya, maana utakutana na watu waliofika ulipo kwa njia usiyoifikiria. Wapo waliofika kwenye namba za Leonardo kwa kuhesabu mizani: wataalamu wa ushairi wa Uhindi, kama Hemachandra miaka ya 1150, walijiuliza mshororo wa urefu fulani unaweza kupangwa kwa silabi fupi na ndefu kwa njia ngapi, wakazipata namba zile zile kabla sungura hawajatajwa.

Na sasa lile la kuumiza. Swali la Perrin lina jibu, na jibu ni kwamba namba hiyo ipo. Ni 271,441. Si tasa, ni 521 mara 521, na bado inagawanya machipukizi ya msimu wake bila baki. Ilipatikana mwaka 1982, na waliotangaza ni William Adams na Daniel Shanks. Fikiria, kila msimu kuanzia wa 2 mpaka wa 271,440 kanuni yako inasema kweli. Programu yako ingeendelea mara ishirini na saba zaidi ya ulipoishia ndipo ingekutana na kosa la kwanza.

Kabla hujafunga daftari, tenganisha mambo mawili ambayo ujumbe wako umeyafunga kitanzi kimoja. La kwanza: kila namba tasa hugawanya machipukizi ya msimu wake. La pili: kila namba inayogawanya machipukizi ya msimu wake ni tasa. Kando ya mfereji wetu kila mgomba una majani mapana, lakini magimbi nayo yana majani mapana. La pili ndilo lililoanguka. La kwanza ni kweli, kwa namba tasa zote hata zile ambazo hakuna kompyuta itakayozifikia, na nataka uone kwa nini, kwa sababu hapa ndipo utamu ulipo.

Tafuta namba x ambayo kipeo chake cha tatu ni sawa na x jumlisha 1. Mlinganyo huo una mizizi mitatu. Mmoja ni karibu 1.3247, na ndio unaoeleza kasi ya kihamba chako: gawa 119 kwa 90 uone. Miwili mingine ni namba changamano, usiiogope. Tuiite a, b na c. Kwa kuwa kila mmoja unatii mlinganyo, vipeo vyake vinatii kanuni ya migomba: kipeo cha n ni kipeo cha n toa 2, jumlisha kipeo cha n toa 3. Kwa hiyo hata jumla ya vipeo vya mizizi yote mitatu inaitii. Sasa hesabu jumla hizo mwanzoni. Kipeo cha 0: moja, moja na moja, jumla 3. Kipeo cha 1: jumla ya mizizi ya mlinganyo ule ni 0, maana hauna x ya kipeo cha pili. Kipeo cha 2: ukihesabu unapata 2. Tatu, sifuri, mbili! Machipukizi ya msimu wa n ni jumla ya vipeo vya n vya a, b na c, basi.

Umeona fuko alichofanya? Asingekula chipukizi lile, mfuatano wako ungekuwa 3, 0, 3, 3, 3, 6, na msimu wa 5 ungekuwa na 6, haigawanyiki kwa 5. Kanuni ni ile ile, mwanzo tofauti, na siri yote inapotea. Mfuatano wa namna hii hautambulikani kwa kanuni peke yake, lazima uulize ulianzia wapi.

Sasa chukua namba tasa p, upanue (a + b + c) kwa kipeo cha p. Jaribu na 3 kwanza: unapata vipeo vitatu vya tatu peke yake, na vingine vyote vina 3 au 6 mbele yake, vyote vigawe vya 3. Jaribu na 4, ambayo si tasa: utakuta 4, 6 na 12, na ile 6 haigawanyiki kwa 4. Kwa namba tasa hilo halitokei, kwa sababu kila namba ya mbele hupatikana kwa sehemu: p iko juu, chini kuna namba ndogo kuliko p tu, na hakuna namna zikaifuta. Kwa hiyo jumla yote ni machipukizi ya msimu wa p, ongeza p mara kitu fulani. Kitu hicho ni namba kamili, kwa sababu a, b na c zimechanganywa humo kwa usawa bila mmoja kupendelewa, na mizizi ikichanganywa hivyo hurudi kwenye namba kamili za mlinganyo wake. Na jumla yote ni ngapi? a + b + c ni 0, na 0 kwa kipeo chochote kati ya hivyo ni 0. Basi machipukizi ya msimu wa p lazima yagawanyike kwa p. Imekwisha. Hakuna programu iliyohitajika.

Soma aya hiyo polepole, ukiwa na kalamu. Mimi niliielewa mara ya nne.

Nikueleze na kwa nini nasisitiza hivi. Mwaka wangu wa tatu kazini niliandika ubaoni: n mara n, jumlisha n, jumlisha 41. Ukiweka 0 unapata 41, ukiweka 1 unapata 43, kisha 47, 53, 61, zote tasa. Nikawaambia kidato cha tatu kwamba kanuni hii hutoa namba tasa siku zote. Nilisema "siku zote", nakumbuka. Kesho yake msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, weka 40." Nikaweka. Inatoka 1,681, ambayo ni 41 mara 41. Nililala vibaya usiku ule, si kwa sababu ya aibu, bali kwa sababu darasa zima lilikuwa limeniamini. Namba 40 za kwanza, kuanzia 0 mpaka 39, zilikuwa upande wangu. Wewe ulikuwa nazo 10,000. Perrin na wewe na mimi tumeanguka kwenye shimo la aina moja, na uone lilivyofanana: kwangu 41 mara 41, kwenu 521 mara 521.

Lakini usikitupe kipimo chako. Chini ya bilioni moja, namba zinazokidanganya ni 17 tu, wakati namba tasa chini ya bilioni moja ni zaidi ya milioni hamsini. Hicho ni kichujio kizuri sana. Namba zinazokidanganya hazina mwisho, hilo lilithibitishwa na Jon Grantham katika makala yake ya mwaka 2010, ila zimetawanyika mno. Na ukoo wa mifuatano hii umefanya kazi kubwa: ni kwa mfuatano wa jamii hiyo kwamba Lucas mwaka 1876, kwa mkono, alithibitisha kuwa 2 kwa kipeo cha 127, toa 1, ni namba tasa. Ina tarakimu 39.

Rekebisha na programu yako. Unasema inakwama kwa sababu namba zinakuwa kubwa mno. Bila shaka, machipukizi ya msimu wa 271,441 yana tarakimu 33,150. Usiyahesabu. Unachotaka ni baki peke yake. Chagua n, na kila unapojumlisha, ukivuka n, toa n, kama saa ya ukutani inavyorudi 1 baada ya 12. Namba hazitazidi n, na simu yako yenyewe inatosha kumaliza kazi.

Ukishaiona 271,441 kwa macho yako, geuka urudi nyuma. Kanuni ya migomba inaweza kwenda kinyume: msimu wa kabla hatujapanda, yaani msimu wa -1, ni 2 toa 3, ambayo ni -1. Msimu wa -2 ni 0 toa -1, yaani 1. Endelea: 2, -3, 4, -2, -1. Najua hakuna chipukizi la hasi kihambani, ila namba hazijali. Tazama misimu ya -2, -3, -5 na -7 peke yake, jumlisha 1 kwa kila mmoja, uone kinachotokea. Ukidai namba ipite mbele na ipite nyuma, 271,441 inakamatwa. Ya kwanza kupita pande zote mbili bila kuwa tasa ni 27,664,033, yaani 3,037 mara 9,109. Kwa nini nyuma inatoka -1 na si 0, sikuambii. Iko kwenye mlinganyo ule ule wa a, b na c, na utaipata kabla ya Pasaka.

Baba yako amerudi, miguu yote matope, anasema kando ya mfereji kuna vichuguu vipya vya fuko. Kesho tutaweka mitego. Nimemwomba upande wa chini, karibu na yale machipukizi matatu yako, asiweke kitu.

Mama yako